Kichwa wiki 21, paja wiki 20: je, ni kwa sababu mtoto ni wa kiume?

Karatasi ya ultrasaundi ina tabia ya kumchanganya hata aliyeilipia. Mama anatoka chumbani akipangusa jeli tumboni, mkononi ana kikaratasi kinachong'aa, na humo mtoto mmoja amepewa umri wa namna nne. Upana wa kichwa unasema wiki 21, mzingo wa kichwa wiki 20 na siku 5, tumbo wiki 20 na siku 2, mfupa wa paja wiki 20 kamili. Kabla hajafika kituo cha daladala picha imeshaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp na shangazi ameshatoa hukumu: "Huyo dume. Vichwa vyao ndivyo vilivyo." Mwingine anadakia kwamba kichwa kikubwa ndiyo akili yenyewe. Wa tatu, ambaye hakosekani katika kundi lolote, anauliza kama mama huyo ataweza kujifungua bila kupasuliwa.

Shangazi hajakosea kabisa, na ndiyo maana jambo hili linahitaji kufumuliwa taratibu. Watoto wa kiume, kwa wastani, huwa na vichwa vikubwa kidogo kuliko wa kike, na tofauti hiyo huanza tumboni. Lakini "kidogo" hapo ni suala la milimita, na "wastani" ni neno ambalo watu hulisikia kisha wakalisahau papo hapo.

Mashine inapima nini hasa

Ultrasaundi ni sauti. Kifaa kinachosuguliwa tumboni hutuma mawimbi ya sauti ya juu mno, yasiyosikika kwa sikio la binadamu, kisha kinasubiri mwangwi. Mfupa hurudisha mwangwi mkali, kwa hiyo kwenye skrini huonekana mweupe. Maji hayarudishi kitu, huonekana meusi. Ubongo, ulio laini, huja na rangi ya kijivukijivu. Teknolojia hii iliingia kwenye uzazi kupitia Glasgow, mji wa viwanda vya meli, ambako daktari Ian Donald na wenzake walichukua wazo la mashine za kutafuta nyufa ndani ya vyuma wakalielekeza kwenye tumbo la mwanamke. Makala yao ilitoka mwaka 1958. Mionzi haihusiki hapa kama inavyohusika kwenye eksirei, ingawa watu wengi huviweka vipimo hivyo viwili kapu moja.

Mtaalamu anapotafuta kichwa, husogeza kifaa mpaka fuvu lionekane kama yai jeupe lililolala, lenye mstari katikati. Hapo huweka alama mbili, upande mmoja wa kichwa na upande wa pili. Huo ndio upana, ambao kwenye karatasi umeandikwa BPD. Kisha huzungusha duara lote la nje, na huo ndio mzingo, HC. Herufi AC ni mzingo wa tumbo, na FL ni urefu wa mfupa wa paja. Hakuna aliyepima wiki. Mashine imepima milimita tu, halafu ikaangalia kwenye jedwali: mtoto mwenye milimita hizi kwa kawaida ana wiki ngapi?

Kilichopimwa, basi, ni fuvu, na ubongo unakisiwa kutokana nalo. Chukua dafu. Ukilizungushia uzi utajua ukubwa wa ganda, na kwa kuwa ganda hukua pamoja na kilichomo, utakuwa umekisia vizuri tu. Ila madafu mawili yenye mzingo uleule hayalazimiki kuwa na nyama sawa, na moja linaweza kuwa limejaa maji zaidi. Kwa mtoto tumboni mifupa ya fuvu haijaungana. Imeachiana nafasi kwenye utosi na kwenye mishono, na ubongo unapokua unaisukuma itanuke. Ndiyo sababu madaktari wanauamini mzingo wa kichwa kama kioo cha ukuaji wa ubongo. Na ndiyo sababu pia kioo hicho hudanganya wakati mwingine: watoto wanaozaliwa na tatizo ambalo huku kwetu huitwa kichwa kikubwa, linalotajwa sambamba na mgongo wazi, wana fuvu pana kwa sababu ya maji yaliyojaa ndani.

Umbo nalo lina mambo yake. Mtoto aliyekaa kwa kutanguliza matako mara nyingi kichwa chake hubanwa kikawa kirefu, mfano wa papai. Upana wake utasoma mdogo na mzingo utabaki wa kawaida. Kwa hiyo ukiona BPD na HC zimepishana kwenye karatasi, fikiria umbo kabla ya kufikiria jinsia.

Tofauti yenyewe ni kiasi gani

Kwenye wiki ya 20, upana wa kichwa cha mtoto ni kama milimita 47, na mzingo ni kama milimita 175. Tofauti ya wastani kati ya wa kiume na wa kike kwenye upana ni kama milimita 1. Unene wa kucha ya kidole gumba, basi. Huonekana zaidi kwenye kichwa na tumbo kuliko kwenye mfupa wa paja.

Sasa tumrudie shangazi na karatasi yake. Katika umri huo upana wa kichwa huongezeka kama milimita 3 kwa wiki. Milimita moja, kwa hesabu hiyo, ni siku mbili hivi. Kichwa cha mtoto yule kilitangulia paja kwa wiki nzima, siku saba. Hata tukimpa shangazi siku zake mbili, bado zimebaki tano zisizo na uhusiano wowote na jinsia. Zimetoka wapi? Kwa mtoto mwenyewe, kwani wengine wana miguu mifupi kama baba yao. Kwa mkono wa mpimaji, kwani alama ikisogea milimita moja nje, siku mbili zimeongezeka. Na kwenye jedwali, ambalo halikukusudiwa kuwa na usahihi wa siku. Kati ya wiki 16 na 22, madaktari hukubali kipimo kipishane na tarehe ya hedhi ya mwisho hadi siku 10 kabla hawajafikiria kubadilisha makisio ya kujifungua.

Baada ya kuzaliwa tofauti inaonekana vizuri zaidi kwa sababu inapimwa kwa futi kamba. Viwango vya Shirika la Afya Duniani, WHO, vinaweka mzingo wa katikati wa kichwa siku ya kuzaliwa kuwa sentimita 34.5 kwa wavulana na 33.9 kwa wasichana. Milimita 6. Lakini watoto wa jinsia moja wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana zaidi ya hapo: ni kawaida kabisa kukuta mvulana mwenye sentimita 33 na msichana mwenye 35. Nimepiga hesabu kwa kutumia viwango hivyohivyo: ukichukua mvulana mmoja na msichana mmoja bila kuchagua, mara 37 kati ya 100 hivi, msichana ndiye atakuwa na kichwa kikubwa. Ndivyo ilivyo kwa urefu wetu sisi watu wazima, tena kwa urefu pengo ni pana zaidi. Wanaume ni warefu kuliko wanawake, kila mtu anajua, na bado hakuna anayeshangaa shemeji yake wa kike akimzidi kimo.

Upana nao uhesabiwe, kwa ajili ya yule aliyeulizia upasuaji. Mzingo ukiongezeka milimita 6, kipenyo kinaongezeka kama milimita 2. Wakati wa kujifungua mifupa ya fuvu hupishana na kubanana kupita kiasi hicho. Mkao wa mtoto, nyonga ya mama na nguvu ya uchungu ndivyo wakunga wanavyoviangalia kwanza.

Jedwali moja au mawili?

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa soga la WhatsApp na kuwa kazi ya watu. Jedwali analosomewa mama limetoka wapi, na lilipimwa kwa watoto gani?

Kwa miaka mingi mashine zilikuja na majedwali ya watoto wa nchi moja moja, nyingi za Ulaya na Marekani. Mradi wa INTERGROWTH-21st, ulioongozwa kutoka Oxford, uliamua kupima wajawazito wenye afya na lishe nzuri katika maeneo manane ya dunia, kwa vifaa na utaratibu mmoja. Moja ya maeneo hayo lilikuwa Parklands, Nairobi. Jingine lilikuwa Muscat, Oman. Wanawake 4,321 walifuatiliwa kwa ultrasaundi, na chati zikachapishwa mwaka 2014. WHO nao wakafanya wao katika nchi kumi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikiwamo kupitia Kinshasa, wakachapisha mwaka 2017. Kwa hiyo mjamzito wa Nairobi, Muscat au Kinshasa akipimwa leo kwa chati hizi, anapimwa kwa vipimo vilivyochangiwa na majirani zake.

Miradi hii miwili iliamua tofauti kuhusu jinsia. Chati za INTERGROWTH-21st za mtoto aliye tumboni ni moja kwa wote. Jinsia inaingia kwenye chati za watoto waliokwisha kuzaliwa. WHO waliona kwamba uzito unaokadiriwa wa watoto wa kiume unazidi wa kike kwa asilimia 3.5 hadi 4.5, wakatoa pia majedwali ya uzito kwa kila jinsia. Mimi naona kila upande una hoja. Chati ya jinsia mbili ni sahihi zaidi kwenye karatasi, lakini inakutaka uijue jinsia, na jinsia haionekani kila mara. India sheria ya mwaka 1994 inakataza kabisa kumwambia mzazi jinsia ya mtoto kabla ya kuzaliwa, kwa sababu ya mimba za wasichana zilizokuwa zikitolewa. Chati ya kutumika kote lazima ifanye kazi hata pale mpimaji asipojua, au asiporuhusiwa kusema.

Gharama ya chati moja ni ndogo, ila ipo, na anayeilipa zaidi ni mtoto wa kike. Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi akipimwa kwa mara ya kwanza wiki ya 18, msichana wake aliye mdogo kidogo atasomwa kama mchanga wa siku moja au mbili kuliko umri wake halisi. Mvulana atasomwa mkubwa. Tarehe ya matarajio ya msichana inasogezwa mbele, na akichelewa kuzaliwa, kuchelewa kwake kunaonekana kudogo kuliko kulivyo. Kipimo cha mapema, kabla ya wiki 14, ambapo mtoto hupimwa kutoka utosini hadi matakoni, huwa na kosa dogo zaidi, na tofauti ya jinsia wakati huo karibu haipo.

Sentimita 33 za Brazil

Mfano ulionifundisha zaidi kuhusu jambo hili hautoki kwenye ultrasaundi, unatoka kwenye futi kamba. Mwishoni mwa 2015, madaktari wa kaskazini-mashariki mwa Brazil walianza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo mno. Chanzo kilikuja kuthibitishwa kuwa kirusi cha Zika, ambacho jina lake ni la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, kilikogunduliwa kwa kima mwaka 1947.

Serikali ilihitaji mstari wa haraka: mtoto gani ahesabiwe kuwa na kichwa kidogo? Ikaweka sentimita 33 kwa mtoto yeyote aliyetimiza miezi. Hebu tuupime mstari huo kwa viwango vya WHO. Chini ya sentimita 33 wamo karibu msichana mmoja kati ya wanne wenye afya zao, na karibu mvulana mmoja kati ya wanane. Fikiria familia ngapi zilirudi nyumbani na hofu. Desemba mwaka huohuo mstari ukashushwa hadi 32. Idadi ikapungua, lakini dhuluma ya ndani ikabaki: kwa mstari huo, wasichana wenye afya wanashukiwa mara mbili ya wavulana, eti tu kwa sababu walizaliwa wasichana na futi kamba haikujua.

Machi 2016 Brazil ikafuata pendekezo la WHO: sentimita 31.9 kwa mvulana, 31.5 kwa msichana. Milimita 4 za tofauti. Mtu akikuuliza tofauti ndogo kiasi hicho ina faida gani, jibu ni hilo.

Kwenye ultrasaundi tahadhari ni ileile. Pia kuna vyumba vya maji ndani ya ubongo, ambavyo kwa kawaida havitakiwi kufikia milimita 10. Watoto wa kiume huwa navyo vipana kwa sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo wanaovuka mstari huo kidogo tu wengi wao huwa wavulana. Daktari mzoefu analijua hilo anapochagua maneno ya kumwambia mama, ingawa bado atamrudisha kwa kipimo kingine.

Na akili je?

Swali hili ni la zamani kuliko mashine. Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Paul Broca alikusanya vipimo vya uzito wa bongo za maiti kutoka hospitali za Paris. Bongo 292 za wanaume zilikuwa na wastani wa gramu 1,325, na 140 za wanawake gramu 1,144. Alijua vizuri kwamba mwili mkubwa hubeba ubongo mkubwa, lakini akaona ni rahisi kuhitimisha kwamba sehemu ya pengo hilo ni upungufu wa akili za wanawake. Ingekuwa uzito ndio akili, tembo mwenye ubongo wa takriban kilo 5 angekuwa ndiye anatuandikia mitihani.

Walipochoka na ukubwa, watu wakahamia kwenye maumbo. Mwaka 1982 makala moja ilidai kwamba daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo huwa nene zaidi upande wa nyuma kwa wanawake. Ilitokana na bongo 14 tu, tano za wanawake. Dai likasambaa dunia nzima, likafafanua kila kitu kuanzia machozi hadi uwezo wa kufanya kazi tatu kwa pamoja. Mwaka 1997 watafiti wawili walipokusanya tafiti 49 za daraja hilo, dai likakosa mguu wa kusimamia. Sijui ni wangapi waliolisikia dai wakasikia pia lilivyoanguka.

Tunachokijua sasa ni cha unyenyekevu zaidi. Uchunguzi wa watoto wachanga 514 kwa mashine za sumaku, kutoka mradi wa London, ulionyesha kwamba wavulana, kwa wastani, wana ubongo mkubwa zaidi, hata baada ya kuzingatia uzito wa kuzaliwa. Wasichana, ukilinganisha na ukubwa wa bongo zao, walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya tabaka la kijivu la juu, na wavulana nyuzi nyeupe za ndani. Kwa hiyo tofauti huanza kabla ya mwanasesere na kabla ya gari la kuchezea. Chanzo kimojawapo kinachotajwa ni homoni: kwa maelekezo ya jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, korodani za mtoto wa kiume huumbwa na kuanza kutoa testosteroni kwenye wiki ya 8 hivi. Mwili mzima nao hukua kwa kasi zaidi kidogo. Ila kutoka hapo hadi kusema nani atakuwa hodari wa hesabu ni safari ambayo hakuna kipimo cha tumboni kilichoifika.

Kinachonivutia mimi ni kingine. Mwaka 2023 watafiti wa Oxford, wakitumia picha za ultrasaundi za pande tatu kutoka mradi uleule uliopita Nairobi na Muscat, walichora ramani ya ubongo unavyokomaa kati ya wiki 14 na 31. Waliona kwamba kulia na kushoto kwa ubongo huanza kutofautiana tangu wiki ya 14, na sehemu zinazohusiana na lugha huwa katika kilele cha tofauti hiyo kati ya wiki 20 na 26. Yaani mtoto ambaye familia inabishania jinsia yake tayari anatenga mahali pa maneno.

Mapigo ya moyo? Yale yanayosemekana kwenda kasi kwa wasichana? Mapigo ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, hubadilika mtoto akijinyoosha tu, na hayatofautishi jinsia. Umbo la tumbo la mama hali kadhalika.

Mama wa karatasi yetu ataitwa tena baada ya wiki tatu au nne, na nukta ya pili itawekwa kwenye chati karibu na ile ya kwanza. Zikifuata mkondo mmoja, hata kama ni mkondo wa juu au wa chini, daktari ataifunga kadi aendelee na anayefuata. Shangazi ataendelea kushikilia kwamba ni dume. Na ana nafasi nzuri, maana duniani huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Anayesema "dume" bila kuangalia karatasi yoyote hupatia zaidi kidogo ya nusu ya mara zote.